Maswali yenu: Bomba la gesi chini ya bahari, mbona mipango inachukua miaka yote hii?

Toleo lililopita tuliongea habari za gesi ya Songo Songo na mwishoni tukagusa kidogo lile bomba la Dar kwenda Mombasa, basi meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: gesi ya nchi moja inapitaje chini ya bahari mpaka nchi nyingine, nani anaruhusu, nani analipa, na kwa nini viongozi wanasaini leo halafu miaka inapita kimya. Nimechagua machache. Jibu la tatu limekuwa refu, naomba mnivumilie, kwa sababu ndo lenye mambo yanayotuhusu kabisa.

Msomaji wa Tanga mjini anauliza:

*Habari yako ndugu. Tangu 2021 tunasikia bomba la gesi Dar, Tanga, Mombasa. Huku kwetu watu wamechoka na habari za kupisha mradi. Kwa nini wasilipitishe baharini tu, kule hakuna nyumba wala minazi ya mtu ya kulipia fidia?*

Salama ndugu yangu, na nakuelewa, maana bomba la mafuta la kutoka Hoima linaishia hapohapo kwenu Chongoleani na watu wameona kwa macho yao maana ya neno kupisha.

Kwanza tuweke sawa kilichosainiwa. Tarehe 4 Mei 2021 Rais Samia alipokwenda Nairobi, yeye na Uhuru Kenyatta walishuhudia hati ya makubaliano ya kusafirisha gesi mpaka Mombasa, umbali unaotajwa ni kama kilomita 600, halafu Oktoba 2022 William Ruto alipokuja Dar jambo likazungumzwa upya. Hati ya namna hiyo ni kama barua ya posa, nia imeonyeshwa, wazee wamekaa, ila mahari haijapangwa na kadhi hajaitwa. Bei ya gesi, kiasi kwa siku, mnunuzi mwenye dhamana ya benki, hivyo vyote vinakuja kwenye mikataba mingine kabisa.

Sasa bahari. Kwenye ramani ya ukutani unaona bluu tupu, lakini chini bahari yetu ina milima na mabonde. Kati ya Dar na Unguja kina ni kifupi, sehemu kubwa ni makumi ya mita tu, ndo maana waya wa umeme kutoka Ras Kiromoni kwenda Fumba ulilazwa tangu 1980. Ila Pemba ni habari nyingine, imetengwa na bara na mkondo wenye kina cha mita kama 800, na wavuvi wa kwenu wanajua sakafu inavyoporomoka ghafla ukitoka kidogo tu nje ya miamba. Bomba lingebanwa kwenye kanda nyembamba, huku shimo, huku matumbawe, na kwenye kanda hiyohiyo ipo hifadhi ya bahari ya silikanti ya Tanga iliyotangazwa 2009 baada ya yule samaki wa kale kuanza kunasa kwenye majarife, ukivuka mpaka pale Vanga unakutana na hifadhi ya Kenya ya Kisite-Mpunguti. Utaniambia mbona waya wa umeme wa Tanga kwenda Pemba ulipita 2010? Kweli ulipita, lakini waya unalala kama kamba, unafuata bonde na kilima, wakati bomba kubwa la chuma likikuta bonde linaning'inia bila kuegemea chochote, na likining'inia mkondo wa maji unalitikisa usiku na mchana mpaka chuma kinachoka.

Halafu kuna wateja wa njiani. Bomba la nchi kavu unaweza kulitoboa tundu la kutolea gesi Bagamoyo, kiwandani Tanga, popote penye mtu wa kununua, na kila mteja anayeongezeka anapunguza mzigo wa mkopo. Baharini kila tundu la namna hiyo ni mradi wake peke yake.

Kitu kimoja cha kushukuru ni mpaka. Kenya na Tanzania walielewana mpaka wa baharini tangu 1976, wakati Kenya na Somalia wamefikishana mpaka mahakama ya kimataifa The Hague na hukumu imetoka Oktoba 2021. Mpaka wenye kesi hakuna benki itakayokubali kukopesha bomba lipite juu yake. Na hilo la kwamba baharini hakuna mtu wa kulipwa fidia mimi silikubali hata kidogo, soma swali la mwisho la mzee wa Somanga.

Mwanafunzi wa Likoni anauliza:

*Sasa! Mimi nasoma welding huku Likoni. Nimeona video ya dayva akichomelea chini ya maji, hilo bomba la mamia ya kilomita huwa wanachomelea hivyo kweli? Na kama ndani ni gesi tu, mbona lisielee?*

Poa kabisa mdogo wangu, swali la kuelea ni zuri kuliko unavyodhani na tutapiga hesabu sasa hivi.

Kuchomelea kunafanyika juu, kwenye meli. Mabomba yanakuja vipande vya mita 12, yanapangwa kwenye mstari ndani ya meli, kituo cha kwanza wanachomelea mzunguko wa kwanza, bomba linasogea, kituo cha pili wanajazia, hivyo hivyo mpaka kituo cha kupima kwa eksirei au mawimbi ya sauti, kiungo kikiwa na kasoro kinakatwa na kurudiwa palepale, kikipita kinavishwa koti na bomba linateremka nyuma ya meli kupitia kama mkia mrefu wa chuma mpaka linagusa sakafu. Meli inasogea mita 12, wanaanza tena. Usiku na mchana, zamu kwa zamu, mambo yakienda vizuri wanalaza kilomita mbili mpaka tatu kwa siku. Madayva wanaitwa kwenye sehemu za kuunganisha ncha na kwenye matengenezo, sio kilomita zote.

Sasa kuelea. Chukua bomba la inchi 36, saizi ya lile la Mtwara kuja Dar, tuseme unene wa chuma ni milimita 20. Kila mita moja ya bomba hilo inasukuma maji ya bahari kama kilo 670. Chuma cha hiyo mita ni kilo kama 440, gesi yenyewe ndani ikiwa na presha kubwa ni kilo kama 50. Jumlisha, haifiki 500. Kwa hiyo umesema kweli, litaelea, kabla hata gesi haijaingia litakuwa limeshapanda juu. Dawa yake ni zege. Mezani kwangu nina pete ya bomba iliyokatwa kiwandani, nilipewa enzi zile nikifanya kazi ya ukaguzi wa mabomba, ukiitazama kwa ubavu unaona chuma, halafu rangi nyembamba ya epoksi, halafu plastiki, halafu zege lenye waya ndani yake kama wavu wa banda la kuku. Sentimita tano za zege zito zinatosha kulizamisha hilo la inchi 36, na mkondo ukiwa mkali wanaongeza. Kipande kimoja cha Nord Stream, lile la Urusi kwenda Ujerumani, kilikuwa na tani kama 24 pamoja na zege lake, na mstari mmoja ulihitaji vipande karibu laki moja.

Soma kwa bidii, ila usiishie kwenye cheti cha mageti na madirisha, tafuta cheti cha kuchomelea mabomba ya presha, huko ndo kazi iliko.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anauliza:

*Kila nikisoma habari hizi mifano ni ya Ulaya. Kwani Afrika hamna nchi zimewahi kupitisha gesi baharini kutoka kwa jirani? Na kama zipo imewasaidia au ni hasara tupu?*

Zipo kaka, na hizo za Ulaya zenyewe nyingi zinaanzia Afrika. Algeria inapeleka gesi Italia kupitia Tunisia na chini ya bahari tangu 1983, Libya inapeleka Sicily tangu 2004, na tangu 2011 kuna bomba jingine la Algeria kwenda Hispania lililopita kina cha zaidi ya mita 2,000. Ila hizo ni gesi ya Afrika kwenda kupika chakula cha wengine. Ya Mwafrika kumuuzia Mwafrika mwenzake ni moja, Bomba la Gesi la Afrika Magharibi, na hili nataka nilieleze kwa kirefu kwa sababu kila kosa lake na kila jema lake linatuhusu.

Linaanzia Nigeria karibu na Lagos, linaingia baharini, linakwenda sambamba na ufukwe umbali wa kilomita kama 15 mpaka 20 kutoka nchi kavu, linapita Benin, Togo, linaishia Takoradi huko Ghana. Jumla kilomita 678, na 569 kati ya hizo ziko chini ya maji, kina chenyewe ni cha kawaida tu, mita 30 mpaka 75. Bomba kuu ni inchi 20, lina matawi ya Cotonou, Lomé na Tema.

Wazo lilitoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, mwaka 1982. Nchi nne zikakubaliana kwenye karatasi 1995. Mkataba wa kimataifa ukasainiwa Januari 2003, ujenzi ukaanza 2005, gesi ya kwanza ikafika Ghana Desemba 2008. Hebu hesabu mwenyewe, miaka 26, na kulaza bomba baharini ndo kulichukua muda mfupi kuliko vyote. Sisi pia Songo Songo ilionekana 1974 na umeme wake ukawaka 2004, na ile ni gesi yetu, ndani ya nchi yetu, kilomita 25 tu za bahari mpaka Somanga.

Jema kubwa walilofanya ni kwamba nchi nne zilikubali sheria moja. Mkataba mmoja, mamlaka moja ya usimamizi yenye makao Abuja, utaratibu mmoja wa kodi, na kampuni moja inayomiliki bomba ambamo wamo Chevron, Shell, shirika la mafuta la Nigeria, shirika la umeme la Ghana linaloitwa VRA, na kampuni za Togo na Benin. Bila hivyo kontrakta angezunguka madirisha ya ofisi za nchi nne, kila moja na mhuri wake, kila moja na tafsiri yake ya nani anatoza nini. Mimi naamini Kenya na Tanzania wakitaka kuwa serious waanzie hapo, sheria ya bomba moja inayofanya kazi pande zote mbili, kabla ya kuita mtu yeyote wa kupima sakafu ya bahari.

Sasa yaliyowatesa. Bahari haikuwatesa sana. Iliwasumbua mara moja vibaya, Agosti 2012, kwenye maji ya Togo, maharamia walivamia meli na kwenye purukushani ile nanga ikalikwaruza bomba mpaka likapasuka, gesi ikakatika mpaka Julai 2013. Karibu mwaka mzima! Ghana ndo kipindi kile wakaanza kuzoea neno dumsor, kwa lugha yao ya Kiakan ni zima-washa, yaani mgao wa umeme, likawa neno la kila siku kwa fundi cherehani, kwa muuza samaki mwenye friji, kwa kila mtu.

Lakini ukiondoa tukio lile, matatizo yote yalikuwa kwenye ncha mbili za bomba. Ncha ya Nigeria gesi haikuwa inatosha. Ghana kupitia VRA iliahidiwa kama futi za ujazo milioni 120 kwa siku na miaka mingi walikuwa wanapata nusu yake au chini ya nusu, kwa sababu bomba la baharini linanyonya kutoka bomba la nchi kavu la Escravos kwenda Lagos, na lile la nchi kavu lilikuwa linahujumiwa kwenye Delta ya mto Niger, likipigwa kule Delta, taa zinazimika Accra. Na Nigeria wenyewe wana kiu ya gesi kwa mitambo yao ya umeme, sasa we mwenyewe fikiria, mwananchi wako anakaa gizani halafu unampelekea jirani, ni serikali gani itavumilia hilo siku nyingi?

Ncha ya Ghana tatizo likawa malipo. Mwananchi analipa umeme kwa bei iliyowekwa na serikali kwa pesa ya nyumbani, shirika la umeme linatakiwa lilipe gesi kwa dola, pesa ya nyumbani inashuka, deni linakua, mpaka 2016 muuzaji akapunguza gesi kwa deni lililokuwa limepita dola milioni 100. Kwa hiyo una bomba zima, jipya, limelala vizuri kabisa chini ya bahari, na ndani yake hakuna kitu cha maana. Hata sisi tusijione wajanja, bomba letu la Mtwara mpaka Dar lilizinduliwa 2015 na likakaa muda mrefu likitumika sehemu ndogo tu ya uwezo wake.

Umeuliza ni hasara tupu? Hapana. Gesi ilipofika pale mtambo wa umeme wa Aboadze, Ghana, ilikuwa nafuu kuliko mafuta waliyokuwa wanachoma, hilo halina ubishi. Halafu kikatokea kitu ambacho kwenye mpango wa mwanzo hakikuwepo: Ghana ikapata gesi yake yenyewe baharini upande wa magharibi, na tangu 2019 lile bomba linatumika kupeleka gesi ya Ghana kutoka Takoradi kuja Tema, yaani kinyume na lilivyokusudiwa. Ndo maana mimi nasema mpangaji mzuri anaacha nafasi ya gesi kutembea pande zote mbili tangu siku ya kwanza.

Na sasa hivi wanataka kulirefusha mpaka Morocco. Lilitangazwa Desemba 2016 Mfalme Mohammed VI alipokwenda Abuja, linapita nchi zote za pwani ile, Ivory Coast, Liberia, Sierra Leone, Guinea, Senegal mpaka Mauritania, zaidi ya kilomita 5,000, gharama inayotajwa ni dola bilioni 25 na kiasi cha mita za ujazo bilioni 30 kwa mwaka. Ni ndoto kubwa na naitakia heri kwa moyo wote, watu wa Freetown na Monrovia wanahitaji umeme. Ila maswali yangu ni yaleyale ya ncha mbili: gesi ya kujaza bomba lote hilo imetengwa wapi kwa karatasi, na nani amesaini kuilipia kwa miaka ishirini, achukue asichukue?

Geuza swali hilohilo kwa Mombasa. Kenya umeme wake mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Kwa hiyo mnunuzi wa gesi yetu atakuwa nani hasa, viwanda vya saruji, mtambo mpya wa umeme, majiko ya nyumbani? Majiko peke yake hayalipi mkopo wa bomba. Sisemi haiwezekani, nasema huyo mnunuzi ndo apatikane kwanza, na kiasi chake kwa siku kijulikane, kwa sababu hata unene wa bomba unatokana na hiyo namba.

Msomaji wa Muscat anauliza:

*Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Unguja niko Muscat miaka mingi. Huku kila baada ya muda tunasikia bomba la gesi la kutoka Iran linakuja, halafu kimya. Tatizo ni bahari au siasa? Na je nchi jirani inaweza kukataa bomba lisipite kwenye maji yake?*

Waalaykum salaam warahmatullah. Siasa zaidi, ila bahari imeingizwa ndani ya siasa.

Mazungumzo ya Iran na Oman ya 2013 na 2014 yalikuwa ya mita za ujazo bilioni 10 kwa mwaka kwa miaka 25, bomba litoke Kuh Mobarak, Iran, livuke kama kilomita 200 mpaka Sohar, Oman. Kwa bahari ile sio kazi ya kutisha. Ila njia fupi na yenye kina kidogo ilikuwa inagusa maji ya Imarati, basi 2016 mawaziri wa pande mbili wakakubaliana kubadilisha njia iwakwepe, na kuwakwepa maana yake ni kuteremka mpaka kina cha mita kama 1,000, bomba nene zaidi, meli za kazi zinazoweza kina kile ni chache, gharama juu. Halafu 2018 Marekani ikarudisha vikwazo kwa Iran na hakuna benki wala kontrakta mkubwa aliyetaka kugusa. Mei 2022 Raisi, Rais wa Iran wakati ule, alipokuja huko Muscat wakalifufua tena kwa maneno. Wakati huohuo Oman imekuwa ikipokea gesi ya Qatar tangu 2008 kupitia lile bomba la Dolphin linalovuka kilomita 364 za bahari kutoka Ras Laffan huko Qatar mpaka Taweelah huko Imarati, kwa hiyo bomba baharini kwenu huko sio kitu kigeni.

Kuhusu kukataa: ndani ya maili 12 za baharini ni kama uwani kwa mtu, hupiti bila ruhusa. Nje ya hapo sheria ya bahari ya 1982, kifungu cha 79, inasema kila nchi ina haki ya kulaza bomba kwenye sakafu ya bahari ya mwenzake, ila njia ya kupita inahitaji ridhaa ya mwenye sakafu. Yaani hawezi kusema usipite kabisa, lakini anaweza kusema usipite hapa. Na kuna njia ya tatu ambayo Estonia waliitumia 2007, walikatalia Nord Stream wasifanye hata upimaji kwenye maji yao, na usipopima hulazi, basi bomba likapita upande wa Finland.

Mama wa Mtwara anauliza:

*Likipasuka huko chini bahari si italipuka na sisi wote?*

Hapana mama. Chini ya maji hakuna hewa ya kuwasha moto. Nord Stream ilipolipuliwa tarehe 26 Septemba 2022 karibu na kisiwa cha Bornholm cha Denmark, kilichoonekana juu ni bahari inachemka kama sufuria ya maziwa, eneo kubwa kweli, na Denmark ikazuia vyombo visikaribie ndani ya maili tano. Hatari yenyewe iko hapo juu, kwa mtu aliye na chombo karibu: gesi ikikutana na cheche inawaka, na maji yaliyojaa mapovu hayabebi chombo vizuri. Ukiona bahari inatoa mapovu mengi mahali ambapo sio kawaida yake, zima mashine, zima sigara, ondoka kinyume na upepo, halafu toa taarifa. Hasara nyingine ni ya hewa, gesi ile ikipanda angani inaongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko moshi wa gari.

Mzee mvuvi wa Somanga anauliza:

*Mimi mvuvi tangu ujana wangu. Bomba la Songo Songo linatua hapa kwetu. Mwanangu kanisomea kwamba kuna mabomba mengine yanapangwa. Nataka kujua, likipita bomba jipya mvuvi ana haki gani? Maana aliye na shamba anahesabiwa minazi, mimi nitahesabiwa nini?*

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikaa moyoni wiki nzima.

Nilishafika hapo Somanga, nikasimama pale maji yalipokuwa yamepwa, tope limelala mpaka mbali, na kijana mmoja akanionyesha kwa kidole upande ambao bomba limepita, hakukuwa na cha kuona, tope na mikoko tu. Ndo hivyo lilivyo, likishafukiwa halionekani, na kitu kisichoonekana ni rahisi mtu wa ofisini kusema hakijamgusa yeyote. Lakini mvuvi anaguswa mara mbili. Wakati wa ujenzi anaambiwa asisogee, meli ya kulaza bomba yenyewe inashikiliwa na nanga nyingi zilizotupwa mbali huku na huku, wakati mwingine zaidi ya kilomita, kwa hiyo eneo linalofungwa ni kubwa kuliko bomba lenyewe. Wakifunga msimu wa kaskazi maji yametulia, wamekufungia msimu wako wa riziki. Baada ya ujenzi inabaki kanda ambayo huruhusiwi kutia nanga wala kukokota nyavu, na mahali ambapo bomba halijafukiwa vizuri jarife linanasa, ukilivuta linachanika, ukiliacha umepoteza mtaji.

Haki zako zinaanzia kwenye tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ile ambayo lazima ifanyike kabla ya kibali, na wakopeshaji wakubwa wa kimataifa wanaidai kwa ukali kuliko hata serikali. Pale ndo inaandikwa nani anaathirika. Ukikosa kuandikwa pale, baadae unakuwa unaomba hisani. Nikupe mfano wa hilohilo bomba la Afrika Magharibi: watu wa upande wa Nigeria walioguswa na ardhi walilalamika 2006 kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia kwamba fidia waliyopewa ni ndogo mno, jopo likachunguza, likakuta malalamiko yao yana msingi. Kwa hiyo mlango wa kulalamika upo, hata ukiwa mtu wa kijijini, cha msingi ni kwamba wale walikuwa na karatasi.

Na hapo ndo penye swali lako la utahesabiwa nini. Mwenye shamba ana minazi iliyosimama, mtu anaihesabu kwa kidole. Wewe mnazi wako ni samaki uliyevua jana, keshauzwa, keshaliwa. Akija mtu wa tathmini akikuuliza kwa siku unapata kilo ngapi ukimjibu inategemea, yeye ataandika kiwango chake, na kiwango chake mara nyingi ni kidogo.

Kwa hiyo nakuomba mzee, usisubiri bomba. Mwambie mwanao huyo anayekusomea anunue daftari kubwa la mistari. Kila mkirudi aandike tarehe, chombo gani, mmekwenda wapi kwa majina yenu wenyewe ya miamba na mafungu, mmetumia jarife au mshipi au madema, kilo ngapi, mmeuza bei gani. Siku mliyokaa nyumbani kwa upepo naye aandike. Wenye simu za ramani wapige alama pale mnapotupa nyavu. Halafu BMU yenu, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, igonge mhuri kila mwezi, asiachwe hata mama anayeokota pweza na chaza kwenye miamba maji yakipwa, kwa sababu wao ndo husahauliwa kabisa na bomba linatua hapohapo wanapookota. Bamvua hili likianza, aanze.